Maharage ya Kopo Yaliyomnenepesha Mcha Mwezi wa Ramadhani

Wadogo zangu wa Kikwajuni, mimi nimestaafu.

Msicheke. Najua nina miaka kumi na saba na bado navaa kaptura ya skuli, lakini kustaafu hakupimwi kwa mvi. Kustaafu ni kuweka upawa chini. Mie nimeuweka wangu Ijumaa iliyopita, barazani kwa Bi. Chiku, baada ya kupika na kuuza naye maharage tangu siku zile kichwa changu kilipokuwa hakijapita mdomo wa sufuria. Mama amesema mtihani ni mwakani, na msahihishaji hatonipa alama kwa sababu nanukia iliki. Sababu ya pili ya kustaafu nitaitaja mwisho. Basi sogeeni, acheni kutemeana kokwa za ubuyu, niwape nnayoyajua kabla sijaanza kusahau. Sisi wastaafu hatudumu.

Nataka kulisemea harage. Najua mnavyolicheka. Najua nyimbo mnazoimba skuli mtu akila maharage asubuhi kisha akakaa dawati la nyuma. Nyingine nimezitunga mimi. Lakini mtu anaweza kumcheka rafiki yake na huku akimheshimu, na mimi hakuna chakula nnachokiheshimu kama maharage. Na katika maharage, hakuna nnayoyavulia kofia kama yale ya kopo.

Ndiyo, ya kopo. Yale mekundu, matamu, tuliyokuwa tukiyaita chakula cha Wazungu.

Niliposema maneno haya mbele ya Bi. Chiku mara ya kwanza, alinitazama kama nimemtukania mama yake. Nanyi mnamjua Bi. Chiku, ila mnamjua sasa hivi, ameshapoa. Zamani alikuwa moto. Maharage yake ya nazi watu waliyafuata kutoka Mbweni, wakaja na sahani zao, wakasimama na sahani zao, na asiyesema "Shikamoo Bi. Chiku" alipewa ya juu, ya majimaji. Aliyesema vizuri alichotewa chini, kulikolala uzito. Huo ndio ulikuwa mtaala wangu wa kwanza wa adabu, na ndiyo maana nina adabu mpaka leo. Nani anakohoa huko nyuma?

Kazi yenyewe nilianza vibaya. Siku ya pili tu aliniachia sufuria akaenda kuswali, akasema, "Yaangalie." Nikayaangalia. Nikayaangalia mpaka yakatoa moshi. Nilipoona moshi nikafanya alichofanya kila mjinga tangu dunia iumbwe: nikashika mwiko, nikakoroga kwa nguvu zote mpaka chini.

Bi. Chiku alirudi, akanusa kabla hajavuka mlango.

"Umekoroga?"

"Naam, Bi. Chiku. Nilikuwa nayaokoa."

"Uliyaokoa na nini? Yalikuwa yanaungua chini tu. Sasa yameungua yote."

Sikieni na nyinyi, hili halimo vitabuni. Maharage yakishika chini, usiyaguse. Epua sufuria, chota ya juu taratibu kwa upawa, hamishia sufuria nyingine, na ile iliyoungua iache na siri yake. Ukikoroga umeitangaza. Asubuhi ile Bi. Chiku alisimama barazani akawaambia wateja, "Leo nimeyatia moshi, ndiyo mapishi ya Arabuni." Waliyala, wakasifu. Mmoja aliuliza wiki ya pili kwa nini ya moshi hayapo.

Basi na tuje kwenye kopo.

Mwaka juzi, mnakumbuka, maharage makavu yaliadimika madukani. Ukiyapata, ni yale yaliyokaa ghalani mpaka yakawa changarawe. Unayaroweka usiku kucha, unayatia magadi, unayachemsha tangu alfajiri mpaka mkaa unakwisha, na bado ukilitafuna moja meno yanaomba msamaha. Na Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Bi. Chiku bila maharage Ramadhani ni msikiti bila maji.

Darajani palikuwa na muuza duka aliyekuwa na makasha ya makopo yaliyorowa bandarini. Karatasi zake nyingi zilikuwa zimebanduka, makopo yamebaki uchi, yanang'aa, hakuna ajuaye lipi ni lipi. Hakuna mtu aliyeyataka. Bi. Chiku akanituma niyabebe, lakini njia ya nyuma, na nikayafunika kwa kanga. Kisha akafunga mlango wa chumbani, akatoa kopo moja lililokuwa bado limevaa karatasi yake.

"Wewe ndiye msomi. Nisomee yaliyomo, neno kwa neno. Usije ukanilisha haramu mwezi mtukufu."

Nikakunja uso kama mwalimu. Nikasoma: "Maharage. Nyanya. Sukari. Chumvi..." Kisha nikanyamaza, nikashika kifua. "Laa haula! Na nyama ya..."

Bi. Chiku alikuwa ameshapanda kitandani na miguu yake yote miwili.

"Nyama ya nini, Sule? Sema!"

"Hamna nyama yoyote, Bi. Chiku. Nilikuwa napumzika."

Kandambili ilinipata hapa, juu ya sikio. Tulifungua machache kuhakikisha, na yote yalikuwa yaleyale: maharage mekundu kwenye mchuzi mzito wa nyanya. Na hapa shikeni jambo la maana kuliko mzaha wangu. Kopo likiwa limevimba, tupa. Likitoa hewa kwa kishindo unapolitoboa, tupa. Likiwa limebonyea tu kwa kuangushwa, liangalie maungio yake. Yakiwa salama, chakula kipo salama. Sisi tulitupa manne, na Bi. Chiku aliyazika kabisa uani, asije paka wa jirani akatudai.

Mapishi yake ya kwanza yalikuwa ya wizi. Aliyaosha yale maharage mpaka nyanya yote ikatoka, akayaunga kwa kitunguu, bizari na tui kama siku zote. Mimi nilikaa pembeni na mkate wa boflo nachovya ule mchuzi uliomwagwa bakulini. Siku ile alikuja mzee mmoja fundi cherehani, mteja wa miaka, akala, akafuta midomo, akasema kwa sauti ili mtaa mzima usikie:

"Haya ndiyo maharage, Bi. Chiku! Si yale ya makopo wanayokula Wazungu, hata ladha hayana."

"Allah akuweke, mzee wangu," Bi. Chiku akajibu, akaangalia paa.

Tungeendelea hivyo, tukila na kunyamaza, kama si habari ya Mcha.

Mcha mnamwona sasa. Nataka mumfute machoni huyo mnayemwona. Mcha wa mwaka juzi alikuwa ufagio wa chelewa uliovishwa shati. Akisimama ubavu unamtafuta. Tulikuwa tukimwambia asipite Forodhani siku ya upepo, atatua Dar es Salaam bila ya nauli. Alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete, anakaa na mama yake, Bi. Mize, mjane aliyetoka Makunduchi, anasuka ukili wa mikeka mchana kutwa. Na Mwenyezi Mungu alimpa Mcha mtihani wa ajabu kwa mtu wa kisiwani: samaki akimgusa ulimi, midomo inavimba kama sambusa. Mtoto wa Makunduchi asiyekula samaki! Nyama kwao ilikuwa ya Idi mpaka Idi. Basi alikuwa akila muhogo, chai na subira.

Lakini mikono yake! Kwa makopo yetu matupu, niliyompa kwa siri, alitengeneza lori lenye usukani unaokata kona na mlango unaofunguka. Fundi mmoja wa karakana ya vyombo vya baharini kule Malindi aliliona, akamwita, akampa misumari na ubao, akamtazama. Akasema, "Huyu nnamtaka." Ilikuwa nafasi ya kujifunza ufundi, na nafasi zenyewe chache. Kilichobaki ni kwenda kwa daktari tu.

Daktari akamwambia avue shati. Akazunguka mara moja.

"Kijana, mifupa yako yote nnaijua kwa majina bila ya kufungua kitabu. Kule kuna magogo, kuna minyororo, na si kila mzigo unainuliwa na winchi. Utaanguka wiki ya kwanza. Rudi baada ya Idi. Ukija na mwili, nitatia saini. Ukija hivihivi, nafasi apewe mwingine."

Yaani anenepe, na anenepe Ramadhani, mwezi wa kufunga.

Bi. Mize alikuja kwa Bi. Chiku na ukili wake mkononi, anasuka huku anazungumza ili asilie.

"Akiikosa hii nnamrudisha shamba kwa mjomba wake. Sina la kumlisha hapa. Mikono yake ile ikachimbe mihogo, basi. Nishasema."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Nikajisikia nasema, "Niachie mimi, Bi. Mize. Mie nitamnenepesha." Sijui lilitoka wapi. Bi. Chiku alinikata jicho, kisha akaingia chumbani, akatoka na kopo. Mbele ya mgeni! Jambo alilokuwa akilificha kama mahari. Akaliweka juu ya meza.

"Si unasema yana nguvu hayo? Haya, tuone."

Mimi nilidhani kunenepa ni hesabu ya kujumlisha. Unatia ndani, kinabaki ndani. Futari ya kwanza nikampa Mcha kopo zima, baridi, kwa kijiko, kisha la pili. Tumbo lake likatoka mbele kama ngoma, nikaliona, nikafurahi, nikamwita mama yake aje kuligonga.

Kisha tukaenda msikitini kuswali tarawehe.

Sitosema mengi, maana kuna heshima ya mahala. Nitasema tu kwamba Mcha alitoka kwenda kutia udhu upya, akarudi, akatoka, akarudi, akatoka, mpaka yule mzee fundi cherehani aliyekuwa pembeni yake akamwambia pole pole, "Mwanangu, kaswalie huko huko birikani, utapunguza safari." Kesho yake safu yetu ilikuwa na nafasi kubwa kulia na kushoto. Mcha alitaka kunipiga. Bahati yangu hakuwa na nguvu.

Tukaendelea hivyo siku kadhaa. Kwa mizani tulikuwa tukienda Darajani kwa mnunuzi wa mbata, tunampandisha Mcha pale wanapopandishia magunia ya nazi kavu. Yule bwana alisogeza jiwe la mizani, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mbata hii imekauka sana. Siinunui."

Haukuongezeka hata uzito wa kofia.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa Bi. Zainabu, nesi, yule anayekaa karibu na yale maghorofa tuyaitayo nyumba za Wajerumani. Kila mtu anamwogopa kwa sababu ya sindano, lakini ukimkuta kwake anachambua mchele ni mtu wa kuzungumza naye. Nikamhadithia yote, hata ya tarawehe. Alicheka mpaka ungo ukamwagika.

"Sasa, Sule, hasira zako zisilipate harage. Harage halina kosa. Lile linajenga. Nyama ya mwili wako inataka vitu vinavyopatikana kwenye nyama, samaki, mayai, na harage nalo linavyo. Huyo rafiki yako samaki hali, nyama haioni. Sasa utamjenga kwa nini, kwa muhogo? Harage lina chuma cha damu. Nilimtazama kucha zake juzi, nyeupe kama chaki. Analihitaji."

"Mbona halimnenepeshi?"

"Kwa sababu wewe umempa matofali, hukumpa chokaa. Kwanza, harage peke yake halijatimia. Kuna kitu limepungukiwa, na kitu hicho kimo kwenye mkate na wali. Na mkate nao umepungukiwa na kitu kilichomo kwenye harage. Wameumbwa waliwe pamoja."

"Kama mume na mke."

"Kama wewe na adabu. Tofauti ni kwamba hawa wameshakutana." Akaokota ungo. "Pili, harage halina mafuta, na lina makapi mengi. Makapi ni mazuri, yanasafisha tumbo, lakini yanashibisha mapema. Mtu anayetaka kupungua mpe hayo. Anayetaka mwili mtafutie na mafuta. Tatu, usimshindilie kama gunia. Kidogo futari, kidogo baada ya tarawehe, kidogo daku. Tumbo lake halijazoea, lifundishe. Na mkamulie ndimu sahanini, kile chuma kiingie vizuri."

"Na lile rojo la nyanya?"

"Zuri, ila lina sukari na chumvi waliyotia wenyewe kiwandani. Usimnyweshe kama uji, mtu amefunga, atakufa kwa kiu mchana."

Nilirudi mbio kumweleza Bi. Chiku: mkate, ndimu, kidogo kidogo, mafuta. Nilikuta jiko linawaka. Hakunisubiri. Alikuwa amelionja lile rojo kwa mara ya kwanza, akasikia sukari, na akili yake ya Kiunguja ikamwambia jambo moja tu. Kitu kitamu, ni maharage, ni Ramadhani: haya ni maharage ya sukari ya futari! Basi akafanya anavyofanya kila mwanamke wa mji huu. Akakuna nazi mbili, akakama tui zito, akatia iliki, akaongeza na sukari juu, akafunika, akachochea moto.

Alipofunua, tuliangalia wote wawili. Nitasemaje? Tui lilikuwa limekatika lote. Nyanya ina ukali, na tui na ukali haviketi kwenye moto mkubwa. Juu mafuta, chini maji mekundu, katikati vijipande vyeupe vinaogelea. Kama kitu ambacho paka amekitafakari akabadili nia.

"Usimwambie mtu," Bi. Chiku akasema.

Lakini adhana ililia, na Mcha alikuwa ameshaketi kwenye jamvi. Hapakuwa na kingine. Akapewa, na kipande cha boflo. Alipoonja alisimamisha mkono hewani. Mie nikasema basi, leo amekufa. Kumbe mwenzenu alikuwa anaisikiliza ladha. Akachovya, akala. Akachovya tena. Akasugua sahani kwa ganda la mkate mpaka ua lililochorwa chini likaonekana.

"Bi. Chiku, yamebaki?"

Wadogo zangu, Mcha kuomba cha kuongeza! Bi. Mize aliacha kusuka. Ukili ulimponyoka, na nilikuwa sijapata kuona mikono ile imekaa bure.

Mkitaka kumjua Bi. Chiku ni mtu wa namna gani, jueni kwamba hakufurahi. Alikasirika. Tui kukatika jikoni kwake, na mtu akasifu! Siku zilizofuata alilishughulikia kopo lile kama kadhi na kesi ya mirathi. Siku hii anapunguza nyanya, siku ile anapunguza moto, na kila kilichokatika tukala sisi. Mwisho akaipata, na huu ndio urithi wangu kwenu, uandikeni vichwani:

Fungua kopo, mimina rojo nusu pembeni, usilitupe, utachovyea mkate. Maharage yenyewe yameshaiva huko yalikotoka, usiyachemshe tena mpaka yakawa uji. Yanataka kupata moto tu. Tia tui la pili, lile jepesi, na iliki iliyotwangwa. Sukari usiongeze hata chembe, kopo limeshatia. Moto uwe makaa yaliyofifia. Tui la kwanza, lile zito, liingie mwisho kabisa, na ukoroge upande mmoja bila ya kuacha, bila ya kufunika, na likitaka kuchemka tu, epua. Ndimu iwe sahanini, kamwe isiwe sufuriani. Kwa mkate, au kwa wali. Basi.

Nilimpelekea Bi. Zainabu kibakuli. Akaonja, akanitazama.

"Mafuta niliyokwambia utafute, ndiyo haya. Nani kakufundisha kutia nazi?"

"Bi. Chiku alikosea."

"Mwambie akosee na kesho."

Nikapeleka salamu kama zilivyo, nikapigwa kandambili ya pili. Lakini jioni ile Bi. Chiku alitoa makopo chini ya kitanda akayapanga barazani, peupe, yanang'aa, kila apitaye ayaone. Yule mzee fundi cherehani akasimama, akashangaa.

"Makopo, Bi. Chiku? Wewe?"

"Kopo limepika nusu, na nusu nimepika mie. Utakula, hutokula?"

Alikula. Akasema haya yanashinda hata yale ya moshi.

Na Mcha? Kwa mnunuzi wa mbata jiwe la mizani lilianza kusogea. Polepole, kwa aibu, lakini lilisogea. Mashavu yakajaa kwanza, kisha shingo ikaanza kuijua kola ya shati. Kucha zikapata rangi. Tarawehe akaswali zote bila ya kutoka. Lakini kila tukimtazama, Bi. Mize alikuwa bado anauliza, "Yatosha? Yatatosha?" na hakuna aliyeweza kumjibu, maana daktari hakusema anataka kiasi gani. Alisema "mwili" tu, na mwili wa daktari hujui unaanzia wapi.

Idi ikaja, ikapita. Tukenda hospitali watu watatu: Mcha katika suruali mpya, mama yake, na mimi niliyejifanya ndugu.

Nikaona Mcha anatembea vibaya. Anakokota miguu kama bata aliyeshiba.

"Una nini?"

"Sijui. Suruali hii mama kanishonea, nzito."

Nikamtazama Bi. Mize. Akatazama ukuta.

Daktari alikuwa yuleyule. Akamtazama Mcha usoni, akainua nyusi. Akamshusha kope la jicho kutazama damu, akamtazama kucha, akamwambia akunje mkono. Kisha akaonesha mizani.

"Vua shati. Na suruali."

"Na suruali?" aliuliza Bi. Mize kutoka mlangoni, kwa sauti ya mtu anayezama.

"Na suruali, bibi."

Mcha akafungua kifungo. Suruali haikuanguka kama suruali. Ilipiga sakafu KO! kama mzigo wa bandarini. Daktari akainama, akaishika upindo, akapapasa. Akachana uzi kwa kidole. Chubwi zikabingirika sakafuni moja baada ya moja, zile risasi za kuzamishia mshipi wa kuvulia, zikaenda mpaka chini ya kitanda cha wagonjwa.

Mie nikapiga magoti, nikaanza kuziokota.

"Hizi nazo zilikuwa zinafunga Ramadhani?" daktari akauliza.

"Ni za mjomba wake," Bi. Mize akasema. Machozi yalikuwa yameshafika. "Nimekosa, daktari. Nilisema kama hayakutosha..."

Daktari akamsimamisha Mcha mizanini, na nguo ya ndani tu, akasogeza jiwe. Akalisogeza tena. Akarudisha nyuma kidogo. Nikasoma kila sura ya Kurani niliyohifadhi chuoni, na nilijuta kutohifadhi zaidi.

Daktari akachukua kalamu, akatia saini. Kisha akaokota chubwi moja karibu na kiatu chake, akamwekea Bi. Mize kiganjani.

"Bibi, umembebesha mtoto bure. Alikuwa ametosha bila hizi."

Bi. Mize alikaa chini palepale mlangoni, kwenye sakafu ya hospitali, akalia kwa raha zake mpaka wagonjwa wakadhani kuna msiba. Daktari akanigeukia.

"Alikuwa anakula nini huyu?"

"Maharage ya kopo, bwana daktari. Kwa nazi."

"Ya kopo?" Akafikiri kidogo. "Yanapatikana wapi?"

Basi hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Msije mkasema kopo ni muujiza, Bi. Zainabu atanikamata. Lina chumvi, lina sukari, si la kila siku kila saa, na maharage makavu mazuri yakipatikana yana sifa zilezile. Lakini wakati mji hauna kitu, kulikuwa na kikopo kimekaa uchi Darajani, kimebeba ndani yake nyama isiyokuwa nyama, damu isiyokuwa damu, kimeiva tayari, kinangojea mtu mmoja akikosee kwa tui la nazi. Nyinyi mkiliona mnalipiga teke. Mie nikiliona nalisalimia.

Na ile sababu ya pili ya kustaafu. Ijumaa iliyopita Mcha alipita barazani akitoka Malindi, grisi mpaka viwikoni, mabega kama mlango wa duka. Alitukuta mimi na Bi. Chiku tumeishika sufuria kubwa kwa matambara, huyu upande huu, huyu upande ule, tunahesabu tuiepue. Mnaijua sufuria ile. Miaka yote tumeiepua watu wawili, na tukaiweka chini kwa bismillahi.

"Nipisheni," akasema Mcha. Akainama, akainua peke yake, akasimama nayo. "Niiweke wapi?"

Bi. Chiku alimtazama, akaitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Iweke hapo, mwanangu. Na wewe Sule, weka upawa ukasome. Kazi yako umeimaliza, umeshanipikia winchi."